Staa kwenye matatu ni sanaa?

Umeuliza kama michoro ya wanasoka kwenye matatu za Kondele, hapa Kisumu, ni sanaa au mapambo tu. Ni sanaa, ndugu yangu. Mwaka 1977 Andy Warhol, msanii wa Marekani, aliwapiga picha Pelé na bondia Muhammad Ali kwa kamera ya Polaroid, akazigeuza michoro ya rangi kali. Nani alimwambia ni mapambo? Ila Adel Abdessemed, mzaliwa wa Algeria, ndiye aliyethubutu zaidi: alimchonga Zidane wa Ufaransa akimpiga Materazzi wa Italia kichwa, kama ilivyotokea kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2006, sanamu ya shaba ya mita 5 hivi. Iliwekwa ufukweni Doha, Qatar, mwaka 2013, watu wakalalamika, ikaondolewa baada ya wiki chache. Wachoraji wetu wa Kisumu wana mkono mzuri sana, lakini kwao kila staa anatabasamu. Hakuna anayekosa penalti?