Muuguzi aandike kwa jina lake au kwa lakabu?

SWALI: Mhariri, mimi ni muuguzi katika wodi ya wazazi hapa Kisumu, na ningependa kuandika mtandaoni kuhusu kazi yetu. Wenzangu wengi hutumia lakabu. Nifanyeje? – Muuguzi, Kondele.

JIBU: Inategemea utakachoandika. Ukitoa ushauri, tuseme kuhusu dalili za hatari kwa mjamzito, jina lako ndilo litakalomwezesha msomaji kuthibitisha kwamba umesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Ukilalamikia uhaba wa glavu, naelewa kwa nini wenzako hujificha, kwa kuwa mwajiri naye husoma (na wasomaji wakishakujua, watakutumia picha za vipele usiku wa manane). Hata hivyo, lakabu humficha mwandishi tu, haimfichi mgonjwa: ukisimulia kwamba mama fulani wa Nyalenda alijifungua mapacha watatu Jumanne, mtaa mzima utamtambua hata usipomtaja jina, ilhali Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda siri zake. Kisa cha aina hiyo kiache kabisa, au umwombe mama mwenyewe idhini ya maandishi kwanza, akiwa ameshatoka wodini na hakutegemei tena kwa huduma.