Melatonini itayeyusha mafuta ya ini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mume wangu alipigwa ultrasaundi akaambiwa ana mafuta kwenye ini, ingawa pombe hagusi. Rafiki yake kamshauri ameze melatonini, ile dawa ya usingizi, eti huyayeyusha. Sasa anameza miligramu 10 kila usiku. Anakoroma mpaka nahama chumba, na asubuhi anaamka hoi vilevile. Aendelee nayo? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba, Mama Wawili. Huyo rafiki hakuzua yote. Yapo majaribio madogo ambamo waliomeza melatonini vimeng'enya vyao vya ini, vile vinavyopanda kwenye damu ini likiumia, vilishuka kidogo. Lakini vimeng'enya kushuka ni jambo moja, mafuta kuisha ni jingine. Mimi siiandiki kama dawa ya ini.

Tena miligramu 10 ni nyingi. Ini lenyewe ndilo huivunjavunja melatonini, na likishakuwa na makovu huchelewa kuiondoa, mtu akashinda anasinzia. Halafu kilichoandikwa kwenye chupa si lazima ndicho kilichomo: mwaka 2023 watafiti wa Marekani walipima melatonini za kutafuna za aina 25, moja haikuwa nayo kabisa, nyingine ilizidi mara tatu ya kilichoandikwa. Kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asimeze melatonini kabla ya kumuuliza daktari wake.

Mimi kilichonishtua ni huo mkoromo. Mtu mwenye mafuta kwenye ini, anayekoroma na kuamka hoi, mara nyingi pumzi humkatika usingizini. Usiku mmoja usihame. Sikiliza kama mkoromo unakata ghafla, kimya sekunde kumi au zaidi, kisha anashtuka akigombania hewa. Mrekodi kwa simu (atakasirika, mwache akasirike) na mwende na sauti hiyo kliniki. Koo linaloziba halifunguliwi na melatonini, na pumzi ikikatika kila usiku ini nalo linaumia.

Mafuta yenyewe hupungua kwa kupunguza uzito, kama umezidi. Mwenye kilo 100 akitoa 5, ini huanza kupungua mafuta. Akifika 7 hadi 10, hata uvimbe wake hutulia, na mkoromo mara nyingi hupungua. Aanze na soda na juisi za sukari, kisha atembee kila siku. Siku ya kliniki apimwe pia sukari na kolesteroli, na ile chupa ya melatonini mwende nayo.