Ukitaka watu wautunze mto, anza na chupa

Mkutano wangu wa kwanza kuhusu mto Namatala, hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, niliuharibu mwenyewe. Nilisimama nikawasomea watu kanuni za serikali za mwaka 2000 kuhusu kingo za mito: mita 100 za ukingo zihifadhiwe kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, mita 30 kwa mingine. Mama mmoja anayelima sukuma wiki ukingoni akauliza, "Mwalimu, watoto wangu watakula hizo mita?" Sikuwa na jibu. Watu wakaondoka mmoja mmoja.

Safari ya pili tulisubiri mvua kubwa, tukachota maji sehemu tatu: juu, penye miguu ya mlima Wanale, katikati ya mji, na kule chini kwenye mpunga. Chupa zikalala mezani kwa mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji. Asubuhi, chupa ya kule chini ilikuwa na tope la vidole viwili. Mzee aliyeteremka kutoka mlimani na ndizi zake za sokoni akamimina tope hilo kiganjani, akalisugua kwa kidole gumba, akanyamaza kitambo. "Huu ni udongo wa kwangu," akasema.

Waalike wa juu na wa chini siku moja. Baada ya mafuriko ya Julai 2022, mito ya Namatala na Nabuyonga ilipovunja kingo usiku, wa chini waliwalaumu wanaolima mlimani, na wa mlimani wakawalaumu wanaojaza mifuko ya plastiki kwenye mitaro na kujenga penye majimaji. Wote walikuwa na haki, ila hawakuwahi kuambiana uso kwa uso.

Halafu nendeni shambani. Mtaro ukichimbwa kufuata mteremko, umeyapa maji barabara. Sharti uukate mteremko, usawa mmoja. Kuupata usawa huo hakuhitaji fundi: funga fimbo tatu mfano wa herufi A, ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni, uisogeze hatua kwa hatua, kamba ikipita katikati ya fimbo ya kulala, huku ukipiga vigingi. Vijana huipenda sana kazi hii. Juu ya tuta la udongo uliochimbwa pandeni majani ya tembo (napier). Miche ya miti ya bure nimeona ikikauka, lakini majani yanayolisha ng'ombe mwenye shamba huyalinda.

Yule mama hatukumfukuza. Alirudisha matuta yake nyuma kidogo kidogo, msimu kwa msimu, na pale alipoondoka akapanda majani. Sasa wenye mbuzi mtaani wanayanunua kwake kwa mafungu.