Laki tano za kumsaidia mwandishi anayechunguza akili mnemba: mimi ningezitumia hivi

Mkuu, umeuliza: mdogo wako ni mwandishi wa kujitegemea hapa Dar, anataka kuchunguza programu za mikopo ya simu zinazojinadi kwamba zinatumia akili mnemba (AI), na wewe una Sh500,000 za kumshika mkono. Umlipie kozi, umnunulie laptop, au umpe taslimu? Naona wengi wamekujibu kozi. Mimi napinga, maana meza hiyo nimeshaikalia pande zote mbili.

Nilifanya kazi miaka miwili kwenye kampuni ya kukopesha kwa simu, ofisi ilikuwa Kijitonyama, si mbali na kituo cha Sayansi. Jina lake litabaki tumboni. Nilikuwa mtu wa data. Kwenye matangazo tulisema akili mnemba inampima mteja ndani ya dakika tatu. Ukweli ni kwamba kulikuwa na faili moja la Excel, masharti kama kumi na mawili ambayo bosi aliyaweka kwa kukisia, na mabinti wanne waliopitia meseji za miamala ya mteja halafu wakabonyeza kubali au kataa. Saa saba mchana mabinti wakienda kula, akili mnemba nayo ilikuwa inaenda kula.

Baada ya kuacha kazi, dada mmoja mwandishi alinipata kupitia shemeji yangu. Tulikutana kwa mama ntilie pale Mwenge, akaagiza chai ya rangi tu, nikajua hali. Gazeti lilikuwa linamlipa Sh15,000 kwa stori, na stori isipotoka halipwi. Mwaka ule alikuwa ameshahudhuria semina tatu za akili mnemba. Ana mikoba mitatu ya kitambaa na vyeti vitatu. (Posho za semina zilimlipia kodi ya chumba, tusijifanye watakatifu.) Ila hakuna semina hata moja iliyompa wiki mbili za kukaa na jambo moja bila kuwaza nauli ya kesho. Hapo ndipo pesa yako inapohitajika, na nitarudi.

Alikuja na hitimisho mkononi: mashine ya kutoa mikopo inawabagua wanawake. Nikamwambia tujaribu. Tukachukua simu tatu za mitumba Kariakoo, moja akaishika yeye, moja kaka yake, moja mke wangu, kila mtu na laini yake mwenyewe na kwa ridhaa yake. Programu tuliyoijaribu hatukuipata Play Store, ilikuja kwa linki ya meseji. Kuifungua tu, ikaomba majina yote ya kwenye simu, meseji na mahali ulipo. Nikamweleza kwamba tangu tarehe 31 Mei 2023 Google wamezizuia programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lao kugusa majina na picha za mtu, ndiyo maana wengine wanakupitisha uchochoroni kwa linki. Alikuwa halijui hilo. Nusu ya stori yake ilikuwa pale, kwenye ukurasa ambao sote tunaubonyeza "ruhusu" bila kusoma, na majina hayo hayo ndiyo yanayopigiwa simu ukichelewa kulipa. Waliowahi kukumbwa na mikopo ya kausha damu wananielewa. Shangazi yako wa Tabata anaambiwa wewe ni tapeli kwa deni la elfu thelathini.

Matokeo yakatoka: kaka yake kapewa 60,000, wanawake wote wawili 20,000. Dada akaruka, "Si nilikwambia!" Nikamwambia tulia. Simu tatu ni umbea, bado hazijawa ushahidi. Laini ya kaka yake ilikuwa na miamala ya miaka sita, ya mke wangu miezi minane. Alinuna kweli. Nikampa mfano wa chombo cha habari cha ProPublica kule Marekani mwaka 2016, walipochunguza programu ya COMPAS iliyokuwa inatabiri nani atarudia uhalifu. Waliomba kumbukumbu za umma, wakapata alama ambazo programu iliwapa watu zaidi ya 7,000 waliokamatwa Broward, Florida, wakafuatilia nani kweli alirudia. Na bado kampuni yenye programu iliwabishia hesabu. Wewe na simu tatu utabishana na mwanasheria wa nani?

Sasa sisi hizo alama tungezitoa wapi? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma yenye taarifa hadi siku 30 kumjibu mwombaji, lakini mafaili yaliyo ndani ya kampuni binafsi ya mikopo ni habari nyingine. Kilichotufungulia mlango ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwandishi hawezi kuomba faili la mkopaji, ila mkopaji mwenyewe ana haki ya kuuliza taarifa zake, na sheria hiyo ina kifungu kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Basi tukaandika barua ya ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, tukawagawia wakopaji aliokuwa ameshawahoji: mama muuza samaki Mbagala, dereva bajaji, mwalimu. Watu kumi na mmoja walituma. Waliojibiwa ni wawili. Mmoja aliandikiwa kwamba ombi lake "lilipitiwa na timu yetu". Timu! Kwenye tangazo ni mashine, kwenye barua ni watu. Sentensi hiyo moja ilikuwa na thamani kuliko semina zote tatu, na gharama yake ilikuwa kuchapa karatasi na nauli.

Nami nilivuruga mahali. Nilimpa picha ya skrini niliyotumiwa na mfanyakazi mmoja wa ndani, na sikuona kwamba pembeni juu lilikuwepo jina lake la kuingilia kwenye mfumo. Dada alikuwa ameshamtumia mhariri. Tuliiwahi kabla haijachapwa, lakini yule kijana hakulala siku mbili, na mimi mpaka leo nikimuona naona aibu. Mdogo wako akipokea kitu kutoka ndani, akiandike upya kwa mkono wake. Asirushe picha yenyewe popote.

Stori ikatoka ukurasa wa 9. Kichwa cha habari alichokiweka mhariri: akili mnemba yawaliza wakopaji. Miezi mitatu tunathibitisha kwamba akili mnemba yenyewe haipo! Dada alicheka, kisha akalia kidogo. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni, alikuwa na daftari lililojaa tayari, na wahariri wakaanza kumpigia wao.

Kuna pesa kubwa kuliko yako. Shirika la Pulitzer Center la Marekani tangu 2022 ina mtandao wa kuwawezesha waandishi wa nchi mbalimbali wanaochunguza akili mnemba, na huwapa miezi ya kufanya kazi. Ila kufika huko unahitaji kazi ya kuonyesha, na kazi ya kwanza huwa haina mfadhili. Na usidhani anahitaji kujua kuprogramu. Habari ya jarida la TIME ya Januari 2023, kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kuchambua maandishi machafu kwa ajili ya OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, ilisimama juu ya nyaraka za ndani, hati za mishahara na watu waliokubali kuongea.

Kwa hiyo laki tano ningezigawa hivi. Laki mbili na nusu, kodi na chakula cha mwezi mmoja, kwa sharti kwamba mwezi huo haandiki stori nyingine. Elfu themanini, simu ya mitumba isiyo na jina hata moja la ndugu ndani yake. Laki moja, wakili wa kusoma stori kabla haijaenda kwa mhariri. Wapo watakaokubali hiyo ukiwaeleza vizuri. Inayobaki ni vocha, nauli, na soda za watu anaowahoji. Laptop aazime.

Akikwama kwenye Excel mpe jina langu hapa, anitumie ujumbe. Baada ya saa mbili usiku, mchana niko kwenye kibarua.