Jibu: Kichwa kuuma baada ya kusukwa saluni

Pole dada. Umeuliza kama ni kawaida kukosa usingizi kwa maumivu ya kichwa na kutokwa vipele pembeni mwa kichwa baada ya kusukwa. Si kawaida, hata kama msusi amekwambia utazoea. Maumivu na vile vipele vya pembeni vinaonyesha nywele zimevutwa kupita kiasi. Zikivutwa hivyo kila mara, mizizi huumia, na nywele za kwenye paji zinaweza zisiote tena. Fumua hizo za mbele leo hii. Siku nyingine mwambie alegeze akiwa bado kwenye mstari wa kwanza. Msusi mzuri atalegeza bila kununa. Akinuna, hamia saluni nyingine. Na dawa ya kulainisha nywele usiiguse kabisa mpaka vipele vipone, itakuunguza.