Siku ya chapati na mtoto wa miaka mitatu

Mama mmoja ameniandikia wiki hii. Mwanawe ana miaka mitatu, na kila akitoa sinia la kukandia unga, mtoto ameshafika na mikono imo ndani. Akimtoa, kilio mtaa mzima. Anauliza kama amfungie sebuleni mpaka amalize.

Usimfungie, dada yangu. Mtoto wa umri huo akishika unga anakuletea vichekesho ambavyo akifika darasa la pili huvipati tena kwa bei yoyote. Panga kazi tu, ili acheke na chapati zilike.

Anza akiwa ameshakula na kulala mchana, saa kumi hivi. Mtoto mwenye njaa hula unga mbichi, na unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha hata ukiwa umetoka kwenye pakiti leo. Mpe ndizi kwanza, mnawishe mikono, mvue shati. Kuoga ni baadaye, ukimwogesha kabla umepoteza maji. Na usijaribu siku ya wageni, maana kazi ya dakika 50 itachukua saa moja na nusu.

Vipimo ni vile vile: unga wa ngano nusu kilo, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko 3 vya chakula, maji ya uvuguvugu kama mililita 300. Hapo unapata chapati 8 na kipande cha mtoto. Tandika mkeka, weka sinia katikati, mkae chini wote wawili. Mtoto aliyesimama kwenye kiti hufikiria kuruka.

Balaa kubwa ni maji. Ukimpa jagi, anamimina lote kwa mkupuo mmoja kisha anakuangalia usoni aone umeonaje. Kwa hiyo usimpe jagi. Chukua vikombe vidogo vya kahawa 4, weka maji mililita 60 kila kimoja, vipange mstari mbele yake. Amimine kimoja, wewe uchanganye, amimine kingine. Atahesabu moja, mbili, tano, na ataapa kwamba hiyo ndiyo hesabu, lakini vikiisha vimeisha na unga haujaharibika. Zile mililita 60 zilizobaki unazo wewe, unazitia kidogo kidogo mpaka donge liwe laini bila kunata mkononi.

Na kama jagi alilifikia? Angalia kama ulikuwa umeshaanza kukanda. Kama bado, usihangaike: ongeza maji na mayai 2, koroga mpaka uwe kama uji mwepesi, leo mnakula chapati za maji. Kama ulishakanda, njia hiyo haifai, kwa sababu unga uliokandwa hauyeyuki tena vizuri, utabaki na mabonge. Hapo rudisha unga mkavu kijiko kimoja kimoja, na ongeza chumvi kidogo.

Mkatie donge lake mapema, ukubwa wa ndimu. Mikononi mpake mafuta, usimpe unga wa kunyunyizia. Akinyunyiza kila mara donge linakauka, na chapati yake inakuwa ngumu kama soli. Baada ya dakika 10 donge hilo litakuwa la kijivu, lina tundu la kidole katikati na pengine unywele. Toa unywele, mengine yaache. Usilibadilishe kwa siri. Analijua donge lake kuliko anavyojua viatu vyake, na ukigundulika jioni yote imeharibika.

Sasa donge lipumzike dakika 30. Mwambie unga umelala. Sehemu hii ndiyo tamu kuliko zote: atanong'ona, atakuambia na wewe unong'one, atauliza kama unga unakoroma. Shida ni kwamba atafunua kila dakika kuangalia kama umeamka, na unga unaopigwa na hewa hufanya ngozi juu, ngozi ile ikipasuka wakati wa kusukuma. Donge kubwa lifunike kwa kitambaa kibichi na bakuli juu, uliweke mbali. La kwake liweke kwenye kikombe chenye mfuniko, alifunue apendavyo. Na usikatishe usingizi huo eti umechelewa, kwa sababu unga usiopumzika ukiusukuma unajirudi, na mtoto atalia kwamba chapati inamkimbia.

Kusukuma, mpe chupa ya plastiki ya nusu lita iliyojaa maji, mfuniko umekazwa. Uzito wa maji unamsaidia, na haiumizi ikidondokea kidole. Wakiwa wawili, mkubwa akate donge na mdogo achague kwanza. Utaona mkubwa anavyokata kwa makini kama muuza dhahabu.

Kwenye moto hakuna mchezo. Jiko la mkaa huwa chini, usawa wa mikono yake, basi liwe nje penye hewa, na mkeka wake uwe hatua 3 nzima kutoka hapo. Awepo mtu mzima mwingine wa kukaa naye. Kama hayupo, pika akishalala. Akiungua, maji ya baridi yanayotiririka dakika 20, halafu hospitali kama kidonda ni kikubwa au kiko usoni au mkononi. Dawa ya meno, yai na mafuta visiguse.

Ya kwake ipike mwisho, moto ukiwa umepungua. Huwa nene upande mmoja, na kwenye moto mkali inaungua nje huku ndani ni mbichi. Ibonyeze kwa mwiko, dakika 3 au 4 kila upande. Iweke kwenye sahani yake peke yake, na kabla hujaikata muulize ni nini. Inaweza kuwa gari, inaweza kuwa bibi. Kama ni simba, muulize baba aanze kula wapi, kwa sababu mkia huwa umeshaahidiwa mtu.