Mti wa jirani umeangukia kwangu. Nani auondoe?

SWALI: Salaam mtaalamu. Dhoruba ya juzi usiku iling'oa mti mkubwa wa jirani yangu pamoja na mizizi yake, ukalalia ukuta wa mpakani na pembe ya paa la stoo yangu. Hakuna aliyeumia. Nimemwambia auondoe kwa gharama yake kwa kuwa mti ni wake. Yeye anajibu kwamba ule ulikuwa upepo wa Mungu, na kilichomo ndani ya ua wangu ni changu. Jana alipita fundi mwenye msumeno wa injini, anasema ataumaliza kwa saa mbili na malipo yake yatakuwa magogo. Amenishauri pia akate vichwa vya miti yangu miwili iliyo mpaka wa nyuma, maana mmoja umeinama tangu usiku ule. Nimkubalie? Na nani hasa anapaswa kulipa?

JIBU: Huyo fundi mwambie asubiri. Nitamrudia, na sitakuwa mpole.

Tuanze na malipo. Kila baada ya upepo mkubwa mimi hupata swali hili, na karibu kila mara limebeba imani ile ile: mti wake, mzigo wake. Inasikika kama haki tupu, ndiyo maana haifi. Lakini katika nchi nyingi zilizorithi mfumo wa sheria wa Uingereza, hakimu hatosheki na kujua mti ni wa nani. Anataka kujua mwenye mti alijua nini, au alipaswa kujua nini, kabla haujaanguka. Mti mzima uliotunzwa ukiangushwa na dhoruba, hasara hukaa pale ilipodondokea: wewe unaondoa kilicho kwako, yeye kilicho kwake. Mti uliooza shina, ambao mwenyewe aliambiwa habari zake akanyamaza, huo ni uzembe, na uzembe una fidia.

Na miti mizima huanguka, tena kwa wingi. Dhoruba ya Oktoba 1987 iliangusha miti ipatayo milioni 15 kusini mwa Uingereza. Miti ilikuwa bado imevaa majani, udongo umelowa chepechepe, na upepo ukafanya kazi yake bila kuchagua mgonjwa wala mzima. Tena uozo wenyewe unaweza kujificha. Mwaka 1947 mjini London mti wa aina ya elm, wenye umri wa miaka kama 130, uliangukia gari lililokuwa likipita na kuwajeruhi waliokuwamo. Mizizi ilikuwa imeoza, ila ugonjwa ulikuwa wote chini ya ardhi; juu mti ulipendeza. Kesi ilikwenda hadi Bunge la Mabwana, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya nchi ile, na wenye mti wakashinda. Hapakuwa na dalili ambayo mtu makini angeiona.

Ukienda Ufaransa, na kwenye nchi zilizofuata sheria zake, mzani unaelemea upande wa pili. Kifungu cha 1242 cha Sheria yao ya Madai humfanya mtu awajibike kwa kitu kilicho chini ya uangalizi wake hata bila kuthibitishiwa uzembe, na ni yeye atakayehangaika kuonyesha kwamba dhoruba ilikuwa ya nguvu isiyotarajiwa wala kuzuilika. Kwa hiyo kabla hujamnukuu rafiki aliyeko ng'ambo, jua kwanza nchi yako imerithi upande gani.

Jirani yako naye asishangilie mapema. Upepo wa Mungu huishia pale upepo unapotulia. Februari 1961, Western Australia, radi ilipiga mti wa futi kama 100 ukashika moto huko juu. Mwenye shamba alianza vizuri, akauangusha. Kisha, badala ya kuumwagia maji, akauacha uungue hadi uishe wenyewe. Siku chache baadaye upepo ukapuliza makaa, moto ukaingia mashamba ya jirani. Radi hakuiita yeye, lakini aliwajibishwa, kwa sababu alijua kuna hatari kwenye ardhi yake na hakuimaliza ilhali uwezo alikuwa nao. Hiyo ndiyo kesi ya Goldman na Hargrave, ambayo wanasheria wa pande zile huirejea hadi leo. Kwa hiyo kile kisiki kilichoinuka upande wa jirani yako, na shimo lililo chini yake, tangu juzi ni mambo anayoyajua. Mtoto akitumbukia humo wiki ijayo, hatajitetea kwa upepo.

Mengine nayapitia haraka. Mti ulioziba barabara ya umma ni kazi ya mamlaka ya barabara. Watapasua, watasukuma pembeni, wataondoka, wala usitarajie wakufagilie ua. Ulioegemea waya wa umeme usiguswe na yeyote kabla shirika la umeme halijathibitisha kwamba waya umekatwa umeme, hata kama mtaa wote uko gizani. Umeme unaweza kurudishwa wakati wowote, na jenereta ya jirani iliyounganishwa ovyo inaweza kuurudisha kwenye waya huo kinyumenyume. Kama una bima, toa taarifa leo: mikataba mingi hugharamia kuondoa mti uliovunja jengo, lakini hailipi kitu kwa mti uliolala tu uani. Funika paa kwa turubai mvua isiongeze hasara, na utunze risiti.

Turudi kwa fundi wako wa saa mbili.

Nimesema kinachoamua ni dalili zilizokuwapo kabla. Dalili hizo ziko wapi sasa? Ziko kwenye kisiki, kwenye bonge la mizizi lililoinuka, na kwenye mita ile ya kwanza ya shina. Hapo ndipo naona kuvu iliyokula moyo wa mti, uyoga mgumu uliotokeza chini ya gome, mzizi mkubwa uliokatwa zamani kwa shoka ukaoza kuanzia kwenye jeraha. Niliwahi kuitwa na mama mmoja aliyekuwa na kila sababu ya kudai fidia. Alimwonya jirani mara mbili mbele ya watu. Nilipofika nilikuta unga wa mbao na kisiki kilichokatwa sawa na ardhi kisha kikachomwa moto. Fundi alikuwa amefanya "kazi safi", na huo usafi ndio uliomaliza madai yake. Sikuwa na la kuandika isipokuwa kwamba palikuwa na mti.

Kwa hiyo piga picha kwanza. Pande zote, kwa mbali na kwa karibu, hasa mizizi, kitu cha kupimia ukubwa kikiwa kando yake. Anayekata aache kipande cha chini cha shina, na vipande vyote vyenye uozo viwekwe pakavu.

Na uwe tayari kwa picha isiyokufurahisha. Huo ukuta wa mpakani ulijengwa lini, na nani alichimba msingi? Mizizi mingi ya mti haishuki kwenda chini kama watu wanavyoichora. Husambaa ndani ya mita moja ya juu ya udongo, na hufika mbali kuliko kivuli cha matawi. Mtaro wa msingi au wa bomba ukipita karibu na shina unakata nanga za upande mzima, na mti hausemi kitu kwa miaka kadhaa, mpaka upepo utoke upande ule. Mara nyingi tu nimegeuza bonge la mizizi nikakuta mkato ulionyooka kama rula, unaofuatana sambamba na ukuta wa yule aliyeniita kulalamika. Sikutuhumu. Ila nikiitwa, hicho ndicho nitakachokitazama kwanza, na wakili wa jirani yako atafanya vivyo hivyo.

Kuhusu magogo kuwa malipo: una hakika ni yako ya kugawa? Katika sheria ya Kiingereza kilichotoka kwenye mti hubaki cha mwenye mti. Mwaka 1919 mtu aliyekata matawi ya jirani yaliyovuka mpaka, jambo ambalo alikuwa na haki nalo, aliamriwa kulipa kwa sababu aliyauza matofaa yaliyokuwamo. Ujerumani wao wanasema tunda likidondoka lenyewe kwa jirani, ni la jirani. Huku na huku, gogo zima si la kumkabidhi mpita njia. Andikianeni karatasi, wewe na mwenye mti, kabla halijapakiwa.

Sasa hizo saa mbili. Kuna kauli moja inanikera kuliko "mti wake, mzigo wake", nayo ni "si umeshaanguka, kazi imebaki ndogo". Mti uliosimama naweza kuusoma. Mti uliolala juu ya ukuta ni upinde uliovutwa: upande mmoja wa shina umebanwa, mwingine umenyooshwa hadi karibu kukatika, na ukikosea upande wa kuanzia, shina linapasuka kwa urefu au linaubana msumeno na kuurusha, huku mnyororo unakimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Kipande cha mita moja cha shina lenye kipenyo cha sentimita 50, kikiwa kibichi, kina uzito wa karibu kilo 200. Hicho ni kipande kimoja, na kiko juu ya paa lako. Bonge la mizizi nalo, likishapunguziwa uzito wa shina, linaweza kurudi shimoni kwa kishindo na kusimama wima kama halijawahi kuanguka. Watu huenda kusimama mle shimoni kutazama. Watoto ndio kabisa.

Huko Sweden, dhoruba ya Gudrun ya Januari 2005 iliua watu, na kazi ya kusafisha miti iliyofuata ikaua wengi zaidi ya dhoruba yenyewe. Hiyo ni nchi yenye wakata miti waliosomea. Fundi wako ana kofia ngumu? Ana suruali ya kuzuia mnyororo, au alikuja na ndala? Ana bima ya kazi? Akivunjika mgongo ndani ya ua wako, swali la nani alipe utaulizwa wewe. Yule anayejua kazi humtambui kwa ukubwa wa msumeno. Unamtambua kwa kuwa anauzunguka mti mara tatu bila kuuwasha, anauliza nyaya zinapita wapi na nani amelala chumba kile, na anakataa kukupa bei kwa simu.

Halafu hii biashara ya kukata vichwa. Baada ya kila dhoruba huja watu hawa, nyumba kwa nyumba, wakiuza hofu iliyo mbichi. Ni kweli upepo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake juu ya mti huwa mara nne, na mti mfupi hushika upepo kidogo. Kwa mwaka mmoja fundi ataonekana mwerevu. Lakini mti hauponi kama ngozi. Alex Shigo, aliyekuwa mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa urefu na kuonyesha kwamba mti hujenga ukuta kulizunguka jeraha na kuendelea kukua juu yake. Lile jeraha linabaki ndani maisha yote. Ukikata kichwa kizima umeacha majeraha mapana ambayo ukuta huo hauyawezi, na uozo unashuka. Kisha machipukizi yanatoka kwa fujo, kumi mahali pa tawi moja, yameshikiliwa na ngozi ya nje tu badala ya kuota kutoka ndani ya mbao. Miaka michache tu na uzito umerudi juu, safari hii umening'inia kwenye gundi mbovu. Rangi nyeusi au lami wanayopaka pale penye mkato, kisha wakaitoza, haizuii uozo. Kinachosaidia ni kupunguza matawi machache yaliyochaguliwa, kila moja likikatwa pale linapoungana na jingine, na kuiacha mizizi kwa amani. Hiyo haiuziki mlangoni kwa sababu ukimaliza mti unaonekana kama hujaugusa.

Ule ulioinama ni habari nyingine, wala kichwa chake hakihusiki. Nenda upande ulio kinyume na unakoelekea, utazame udongo. Kama umepasuka au umeinuka, mizizi imeanza kuachia. Weka kamba watu wasipite upande unaoelemea, na umwite mkaguzi wiki hii hii. Mwandikie pia jirani wa nyuma mwambie unachokifanya, barua yenye tarehe, nakala ubaki nayo. Juzi ungeweza kusema hukujua. Leo umeshaniandikia kwamba umeinama.